Tathmini ya Kiuchumi ya Miradi ya Umma katika Historia ya Tanzania: Mpango wa Karanga (1946–1951) na Reli ya TAZARA (1964–1978)

Ikisiri

Makala hii inachunguza usanifu na tathmini ya kiuchumi ya miradi miwili mikubwa ya uwekezaji wa umma katika historia ya Tanzania: Mpango wa Karanga wa mwaka 1946 hadi 1951, na Reli ya Tanzania na Zambia, maarufu kama TAZARA, tangu tathmini za mwaka 1964 hadi miaka ya mwanzo ya uendeshaji wake. Mradi wa kwanza uliidhinishwa kwa kuwa hesabu zake zilionesha faida kubwa, nao ulivunjwa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mradi wa pili ulikataliwa na wataalamu kwa kuwa hesabu zake zilionesha hasara, nao ulijengwa na ungali unatumika. Makala inajenga hoja kwamba kiini cha tofauti hiyo kimo katika mambo matatu yanayoitangulia hesabu yenyewe: dhana zilizoachwa bila kujaribiwa, picha ya hali ambayo ingekuwapo bila mradi, na uamuzi kuhusu manufaa ya nani yahesabiwe.

1.0 Utangulizi

Historia ya maendeleo ya Tanzania husimuliwa zaidi kwa kupitia sera na viongozi. Azimio la Arusha, vijiji vya ujamaa na marekebisho ya uchumi ya miaka ya 1980 yameandikiwa mengi. Nyaraka za tathmini ya miradi, yaani zile ripoti zenye majedwali ya gharama, mapato na tani za mizigo, husomwa mara chache kama vyanzo vya kihistoria. Huchukuliwa kuwa ni kazi ya wahandisi na wachumi, ambayo umuhimu wake huisha pindi mradi unapoanza.

Mtazamo huo una upungufu. Ripoti ya tathmini ni waraka unaofichua namna waandishi wake walivyoiona nchi: wapi waliona ardhi tupu, nani walimwona kuwa mnufaika, na hatari zipi waliziona kuwa haziwezekani. Mwanahistoria akiisoma ripoti hiyo pamoja na yaliyotokea baadaye, anaweza kubaini mahali ambapo makosa yaliingia. Mara nyingi mahali hapo si katika kujumlisha wala kutoa.

Miradi miwili inayojadiliwa hapa imechaguliwa kwa sababu inapingana. Mpango wa Karanga ulikuwa na tathmini iliyosema ndiyo. TAZARA ilikuwa na tathmini iliyosema hapana. Katika fikra za watu wengi, wa kwanza umekuwa mfano wa ujinga wa wakoloni na wa pili umekuwa mfano wa ushindi wa nia ya kisiasa dhidi ya mahesabu ya wakopeshaji. Fikra zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini hazitoshi kueleza kilichotokea.

2.0 Misingi ya Tathmini ya Miradi ya Umma

Wazo la kupima mradi wa umma kwa kulinganisha gharama zake na manufaa yake kwa jamii nzima ni la zamani. Mwaka 1844 mhandisi Jules Dupuit wa Ufaransa aliandika kuhusu njia ya kupima manufaa ya madaraja na barabara, akionesha kwamba thamani ya barabara kwa watumiaji inaweza kuzidi ushuru wanaoulipa. Nchini Marekani, sheria ya kudhibiti mafuriko ya mwaka 1936 iliweka sharti kwamba manufaa ya mradi, kwa yeyote yatakayemfikia, yazidi gharama zinazokadiriwa.

Kwa nchi zinazoendelea, miongozo iliyokamilika ilichelewa. Mwongozo wa Little na Mirrlees ulitolewa na Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo mwishoni mwa miaka ya 1960, na ule wa Dasgupta, Marglin na Sen ulitolewa na Shirika la Maendeleo ya Viwanda la Umoja wa Mataifa mwaka 1972. Miongozo hiyo ilisisitiza matumizi ya bei kivuli, yaani bei zinazoakisi uhaba halisi wa fedha za kigeni, nguvukazi na mtaji katika nchi ambayo bei za soko zimepotoka. Ilisisitiza pia tofauti kati ya tathmini ya kifedha, inayouliza kama mradi utajilipa, na tathmini ya kiuchumi, inayouliza kama taifa litanufaika.

Miradi miwili ya makala hii ilibuniwa kabla ya miongozo hiyo. Kwa hiyo si haki kuwahukumu watathmini wa mwaka 1946 au 1964 kwa kanuni ambazo hazikuwa zimeandikwa. Hata hivyo, misingi mitatu ilikuwa ikieleweka tayari: kwamba fedha itakayopatikana kesho ina thamani ndogo kuliko ya leo, kwamba kisio lisilo na uhakika linapaswa kujaribiwa kabla ya kuwekewa mtaji, na kwamba manufaa ya mradi ni tofauti kati ya hali itakayokuwapo pamoja nao na hali ambayo ingekuwapo bila huo. Uchambuzi unaofuata unajikita katika misingi hiyo.

3.0 Mpango wa Karanga

3.1 Hesabu zilizoidhinishwa

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikabiliwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na wananchi wake waliendelea kupewa mgawo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine katika maeneo makubwa ya Tanganyika. Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Ujumbe huo ulifanya kazi kwa muda wa wiki chache tu, na sehemu ya maeneo yaliyopendekezwa uliyakagua kutoka angani kwa ndege.

Mapendekezo yake yalikuwa ya kiwango ambacho Afrika Mashariki haikuwa imekiona. Eka 3,210,000 zingesafishwa na kugawanywa katika mashamba 107, kila moja likiwa na eka 30,000. Kati ya hayo, mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini na 10 Kenya. Gharama ilikadiriwa kuwa takriban pauni milioni 24 katika kipindi cha miaka sita, na mavuno yangefikia takriban tani 600,000 kwa mwaka. Uingereza ingeokoa pauni milioni 10 kila mwaka katika bili yake ya chakula.

Kwa takwimu hizo, ni vigumu kumlaumu waziri aliyeukubali mradi. Uwekezaji wa pauni milioni 24 unaoleta uokoaji wa pauni milioni 10 kwa mwaka unarudisha mtaji ndani ya miaka mitatu baada ya uzalishaji kamili. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliutetea bungeni, na Waraka wa Serikali ulichapishwa Februari 1947. Wakati huo kikosi cha kwanza kilikuwa kimekwisha kutumwa Tanganyika. Kazi ilisimamiwa kwanza na kampuni ya United Africa kama wakala, kisha mwaka 1948 ikakabidhiwa kwa Shirika la Chakula la Ng'ambo, ambalo ni shirika la umma lililoundwa kwa ajili hiyo.

3.2 Dhana zilizoachwa bila kujaribiwa

Kongwa, katika nchi ya Wagogo, ndipo kazi ilipoanzia. Palikuwa karibu na Reli ya Kati na wakazi wake walionekana kuwa wachache, sifa mbili ambazo kwa mpangaji wa London zilikuwa faida. Kwa mkulima wa Ugogo, uchache wa watu ulikuwa na maelezo mengine: mvua za eneo hilo hazitabiriki. Njaa iliyokumbukwa kwa jina la Mtunya, iliyoikumba Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa bado imo katika kumbukumbu za wazee. Mfumo wa maisha wa Wagogo, wa kuchanganya mifugo na kilimo cha mtama na uwele na kutawanya mashamba, ulikuwa wenyewe ni aina ya tathmini ya hatari, iliyofanywa kwa vizazi vingi na kuandikwa katika mandhari badala ya karatasi.

Dhana ya kwanza ya mpango ilihusu udongo. Karanga hukomaa chini ya ardhi na huvunwa kwa kung'olewa. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi ambao, mvua zinapokatika, hukauka na kuwa mgumu kama tofali, hivyo karanga zilizokomaa hazikuweza kutolewa kwa mashine bila hasara. Udongo huohuo ulikuwa na chembe kali zilizosaga majembe ya plau kwa kasi isiyotarajiwa. Jambo hilo lingegunduliwa kwa shamba moja la majaribio katika msimu mmoja au miwili. Shamba hilo halikulimwa.

Dhana ya pili ilihusu mitambo. Matrekta na matingatinga yaliyopatikana mengi yalikuwa masalio ya vita, yaliyokwisha kuchakaa. Baadhi ya vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Karakana, vipuri na mafundi havikuwa vimetangulia mashine, na sehemu kubwa ya mashine ilisimama muda mfupi baada ya kufika. Mibuyu na vichaka vya miiba vilivyoshikamana kwa mizizi mirefu vilihitaji nguvu kubwa kuliko ilivyokisiwa. Lengo la mwaka 1947 lilikuwa kusafisha eka 150,000. Zilizosafishwa zilikuwa takriban 7,500, sawa na asilimia 5 ya lengo.

Dhana ya tatu ilihusu muda, nayo ndiyo inayohusiana moja kwa moja na mbinu ya tathmini. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 5, pauni milioni 10 zitakazopatikana baada ya miaka sita zina thamani ya sasa ya takriban pauni milioni 7.5. Zikichelewa hadi mwaka wa kumi, thamani yake hushuka hadi takriban pauni milioni 6.1. Ucheleweshaji wa miaka minne peke yake, hata kama gharama haziongezeki, hula karibu moja ya tano ya manufaa. Katika mpango huu gharama ziliongezeka pia. Hesabu iliyoshikilia kisio moja kwa kila kigezo, bila kuuliza kitakachotokea kisio likikosea, ilikuwa dhaifu hata kabla ya trekta la kwanza kushushwa bandarini.

Mpango ulivunjwa Januari 1951. Zaidi ya pauni milioni 36 zilifutwa katika vitabu vya serikali ya Uingereza, kiasi kinachozidi kwa nusu bajeti yote ya awali ya kusafisha zaidi ya eka milioni tatu.

3.3 Manufaa ya nani

Swali la wanufaika halikufichwa katika Waraka wa mwaka 1947. Kipimo kikuu cha mafanikio kilikuwa akiba ya fedha kwa mlaji wa Uingereza. Tanganyika ilitajwa kama mnufaika wa ziada, kwa njia ya mafunzo, ajira na mfano wa kilimo cha kisasa. Gharama za Tanganyika, kwa upande mwingine, hazikupewa safu katika jedwali. Ardhi ya malisho ilihesabiwa kuwa haina gharama mbadala kwa sababu haikuwa na bei sokoni. Nguvukazi ilichukuliwa kuwa inapatikana tu, ilhali kila mwanaume aliyeajiriwa Kongwa wakati wa kulima alipungua katika shamba la kaya yake.

Wafanyakazi wenyewe walitoa tathmini yao. Septemba 1947 mgomo ulioanzishwa na makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulienea kwa kufuata Reli ya Kati na kufika Kongwa. Madai yalihusu ujira na kupanda kwa gharama za maisha. Katika lugha ya wachumi, bei kivuli ya nguvukazi ilikuwa juu kuliko ujira uliopangwa, na soko lililazimika kuambiwa hivyo kwa mgomo.

Si kila kilichojengwa kilipotea. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara, iliyobuniwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea, ilibaki na leo inasafirisha korosho. Reli iliyoiunganisha bandari hiyo na bara ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa mizigo. Sehemu ya ardhi ya Kongwa ikawa ranchi ya ng'ombe, matumizi ambayo Wagogo wangeyapendekeza tangu mwanzo kama wangeulizwa.

4.0 Reli ya TAZARA

4.1 Hesabu zilizokataa

Zambia ilipopata uhuru Oktoba 1964 ilikuwa nchi isiyo na bahari, na shaba yake ilisafirishwa zaidi kupitia Rhodesia ya Kusini hadi bandari za Beira na Lourenço Marques, pamoja na njia ya reli ya Benguela kupitia Angola. Njia zote hizo zilikuwa mikononi mwa tawala za walowezi au za Wareno. Rais Kenneth Kaunda na Rais Julius Nyerere walitaka reli ya kuiunganisha Zambia na Dar es Salaam.

Tathmini ya Benki ya Dunia ya mwaka 1964 ilihitimisha kwamba reli hiyo isingekuwa na faida kiuchumi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: njia za kusini zilikuwa na uwezo wa kutosha, reli mpya ingegawana mizigo ileile, na kuboresha barabara kungegharimu kidogo zaidi. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliochunguza uchumi wa Zambia mwaka huohuo nao haukuupa mradi kipaumbele. Miaka miwili baadaye, mwaka 1966, ripoti ya kampuni ya Maxwell Stamp, iliyogharimiwa na Uingereza na Canada, ilitoa jibu tofauti na kuona kwamba reli ingeweza kujiendesha kwa faida. Pamoja na hayo, nchi za Magharibi hazikutoa mtaji.

Wataalamu wawili wenye ujuzi unaokaribiana waliipima reli moja na kufikia majibu yanayopingana ndani ya miaka miwili. Tofauti ya majibu hayo inaelezwa zaidi na kalenda kuliko na kanuni.

4.2 Hali bila mradi

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa upande mmoja. Vikwazo vilivyofuata viliifanya Zambia ishindwe kutegemea njia ya kusini. Mafuta yalilazimika kuletwa kwa ndege na kwa malori katika barabara mbovu kutoka Dar es Salaam, hadi bomba la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968. Januari 1973 mpaka kati ya Zambia na Rhodesia ulifungwa. Agosti 1975 reli ya Benguela nayo ilifungwa kwa sababu ya vita vya Angola.

Matukio haya yanabainisha udhaifu wa tathmini ya mwaka 1964. Watathmini walichora hali bila mradi kwa kunyoosha tu mstari wa hali iliyokuwapo: mizigo ya Zambia itaendelea kupita kusini, kwa nauli zilezile, bila kikomo. Kwa picha hiyo, manufaa ya reli mpya ni tofauti ndogo ya nauli. Kwa picha ya pili, ambamo njia ya kusini imefungwa, manufaa ya reli ni thamani ya biashara yote ambayo ingekwama. Kati ya picha hizo mbili hakuna kosa la hesabu. Kuna kosa la kudhani kwamba siasa ya kusini mwa Afrika ilikuwa imetulia, katika mwaka ambao karibu kila serikali huru barani iliamini kinyume.

Inafaa kusisitiza kwamba hatari hiyo iliweza kuonekana. Mazungumzo ya walowezi wa Rhodesia kuhusu kujitangazia uhuru yalikuwa wazi kabla ya 1965, na harakati za ukombozi nchini Msumbiji na Angola zilikuwa zimekwisha kuanza. Nyerere na Kaunda hawakuwa wakiipuuza hesabu waliposisitiza reli. Walikuwa wakitumia kisio tofauti la uwezekano wa njia ya kusini kufungwa, na kisio lao lilithibitika.

4.3 Masharti ya mkopo

Nyerere aliizuru China Februari 1965, na mkataba wa nchi tatu ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967. China ilitoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, wa kulipwa kwa miaka 30, deni likigawanywa sawa baina ya Tanzania na Zambia. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970. Njia yote yenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikamilika kutandikwa Juni 1975, na reli ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Sehemu ngumu kupita zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli inapanda ukingo wa nyanda za juu kwa msururu wa mahandaki na madaraja.

Masharti haya yalibadilisha mradi wenyewe kwa mtazamo wa mkopaji. Kwa mfano wa kawaida, deni la shilingi 100 lisilo na riba, likilipwa kwa mafungu 30 yaliyo sawa kila mwaka, lina thamani ya sasa ya takriban shilingi 41 kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 7. Zaidi ya nusu ya mkopo wa namna hiyo ni zawadi. Mradi unaoshindwa mtihani kwa mkopo wa kibiashara unaweza kuufaulu kwa mkopo wa aina hii, bila reli kubadilika hata kwa taruma moja.

Tahadhari inahitajika hapa. Mkopo nafuu unampunguzia mkopaji mzigo wa fedha, lakini haupunguzi rasilimali zinazotumika. Tena, sehemu ya gharama za ndani za ujenzi ililipwa kwa mapato ya bidhaa za China zilizouzwa katika maduka ya nchi hizi mbili. Mpango huo uliokoa fedha za kigeni, ila uliilazimisha mifumo ya biashara ya umma kupokea bidhaa kwa kiasi kilichopangwa na mahitaji ya ujenzi, bila kujali mahitaji ya walaji. Gharama hiyo haikuonekana katika bei ya mkopo, lakini ilikuwapo.

4.4 Matokeo ya uendeshaji

Reli ilikamilika wakati mbaya kwa biashara. Bei ya shaba duniani iliporomoka katikati ya miaka ya 1970. Bandari ya Dar es Salaam ilizidiwa na mizigo, na upungufu wa injini na mabehewa yanayofanya kazi ulizuia treni kuondoka kwa ratiba. Oktoba 1978 Kaunda alilazimika kuifungua tena njia ya kusini, kwa kiasi fulani kwa sababu mbolea ilihitajika kabla ya msimu wa kilimo. Oktoba 1979 majeshi ya Rhodesia yalilipua daraja la reli la mto Chambeshi. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, sababu kuu ya kisiasa ya kuwapo kwa reli ilidhoofika. Uwezo uliosanifiwa wa tani milioni 2 kwa mwaka haujawahi kufikiwa.

Kwa hiyo, Benki ya Dunia ilikosea kuhusu miaka ya 1965 hadi 1978, lakini wasiwasi wake kuhusu mizigo ya muda mrefu haukuwa wa bure. Mtathmini makini angeandika mambo yote mawili: kwamba reli ilikuwa bima ya thamani kubwa kwa muongo mmoja na nusu, na kwamba baada ya hatari kupita, bima hiyo ingebaki na gharama za kudumu za matengenezo ambazo mtu mmoja alipaswa kupangiwa kuzilipa.

Kuna tokeo la tatu ambalo tathmini zote, za kukataa na za kukubali, hazikulipa uzito. Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu reli hii, ameonesha jinsi treni ya abiria inayosimama katika vituo vidogo ilivyowawezesha wakulima na wafanyabiashara wadogo wa ukanda wa Kilombero kusafirisha mpunga, ndizi na mazao mengine. Reli iliyosanifiwa kwa ajili ya shaba ikawa soko la watu wa Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Katika majedwali ya mwaka 1964 na 1966, watu hao walikuwa mstari mwembamba kwenye ramani kati ya mgodi na bandari.

5.0 Mjadala

Ulinganisho wa miradi hii unaleta mafunzo yanayohusu mbinu na mafunzo yanayohusu madaraka.

Kuhusu mbinu, kosa la Kongwa na kosa la mwaka 1964 ni ndugu. Katika Kongwa, kisio moja la udongo, mvua na mashine lilichukuliwa kuwa ukweli. Katika TAZARA, kisio moja la siasa ya kanda lilichukuliwa hivyohivyo. Tofauti ni kwamba kosa la kwanza lingesahihishwa kwa gharama ndogo. Shamba la majaribio ni rahisi kulima. Nusu ya reli ni kazi bure, kwa kuwa haimfikishi mtu popote. Mradi unaogawanyika katika hatua unapaswa kujaribiwa kabla ya kupanuliwa. Mradi usiogawanyika unapaswa kupimwa chini ya picha kadhaa za wakati ujao, na kila picha ipewe uzito wake waziwazi, ili msomaji aweze kuipinga.

Kuhusu madaraka, swali ni nani hulipa tathmini inapokosea. Hasara ya fedha ya Mpango wa Karanga ililipwa na mlipakodi wa Uingereza, na mjadala wake bungeni London uliitikisa serikali ya chama cha Labour. Hasara ya ardhi na ya misimu ya kilimo ilibaki Kongwa, bila bunge la kuijadili. Kwa TAZARA, kama serikali za Dar es Salaam na Lusaka zingeifuata tathmini ya mwaka 1964, gharama ya kufungwa kwa mpaka ingebebwa na Wazambia, na waandishi wa ripoti wasingedaiwa chochote. Mtu anayekadiria hatari bila kuibeba ana kila sababu ya kuikadiria kwa wepesi. Hoja hii haiwaondolei wanasiasa wajibu. Walioshinda mjadala wa kujenga ndio waliopaswa kuandaa fedha za matengenezo, na upungufu huo hauwezi kulaumiwa kwa Benki ya Dunia.

Mafunzo haya yana umuhimu kwa sasa. Mwaka 2015 Tume ya Mipango ya Tanzania ilitoa mwongozo wa usimamizi wa uwekezaji wa umma unaotaka miradi ifanyiwe upembuzi yakinifu kabla ya kuingizwa katika bajeti. Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano kuhusu kuifufua TAZARA. Reli ileile inarudi mezani kwa tathmini, safari hii kukiwa na ushindani wa reli ya Lobito upande wa Angola na mahitaji mapya ya madini ya shaba na kobalti.

6.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba tathmini ya kiuchumi ya mwaka 1946 ilikubali mradi ambao udongo uliukataa, na ile ya mwaka 1964 ilikataa mradi ambao historia iliuhitaji kwa muda, kisha ikaupunguzia kazi. Katika hali zote mbili hesabu zilikuwa sahihi kwa kadiri ya dhana zake, na dhana hizo ndizo zilizoamua matokeo. Wazee wa Ugogo walikuwa na takwimu za mvua ambazo ujumbe wa Wakefield haukuziomba. Marais wa Tanzania na Zambia walikuwa na kisio la hatari ambalo wataalamu wa mwaka 1964 hawakuliingiza katika jedwali.

Inapendekezwa kwamba tathmini mpya ya TAZARA, kama ya mradi mwingine wowote mkubwa wa umma, ieleze bayana hali bila mradi na sababu za kuichagua. Ioneshe matokeo chini ya makisio zaidi ya moja. Ihesabu abiria na wakulima wa vituo vidogo kama wanufaika kamili. Na itaje kwa jina taasisi itakayobeba gharama ya matengenezo kwa kila mwaka wa maisha ya mradi. Kwa watafiti, bado kuna kazi ya kukusanya simulizi za wakazi wa Kongwa, Urambo na Nachingwea kuhusu ardhi waliyoipoteza kati ya 1947 na 1951, kabla ya walioiona kutoweka wote. Bila simulizi hizo, safu ya gharama ya Mpango wa Karanga haijajazwa.